Mtoto Ametulia

Wadogo zangu wauguzi, mmeniomba mara tatu kwa simu, na mara moja kwa kunizuia mlangoni na sinia la ndizi, niwaandikie nilivyomaliza kazi. Naandika sasa, mwezi wa pili wa kustaafu, kwa sababu nimeshapalilia migomba yangu yote na iliyobaki ni ya jirani. Vyeo hamtavikuta humu. Mkivitaka viko kwenye jalada langu, na jalada lenyewe limewahi kupotea mara mbili bila mtu kusikitika. Nianze na siku ya kwanza, maana siku ile nilikuwa mjinga kwa kiwango ambacho sijakifikia tena, ingawa nimejaribu.

Nilipangiwa zahanati ndogo huko Kiruruma, Karagwe. Mkunga mkuu alikuwa Mama Generoza, mwanamke mrefu, mkavu, aliyeongea kana kwamba maneno yanatolewa kwa kibali. Asubuhi ile alikuja mama mmoja kutoka bondeni, kikapu kichwani. Kwamba alikuwa mjamzito nililiona, lakini pale karibu kila mtu alikuwa mjamzito.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nimepita tu kuwasalimia."

Nikamshukuru kwa salamu, nikamkalisha kwenye benchi, nikarudi kupanga vidonge. Nikajiona nimefanya kazi nzuri. Mama Generoza akatoka chumba cha ndani, akamtazama yule mama kwa muda wa kupiga chafya moja, akaniambia, "Chemsha maji."

Haikupita nusu saa tukawa na mtoto wa kiume anayelia kama mwenye nyumba.

"Umejuaje?" nikamuuliza tulipokuwa tunaosha vyombo.

"Kwenye kikapu kulikuwa na kanga mbili zilizofuliwa na wembe mpya," akasema. "Halafu hakuna mtu anayepanda mlima ule kuja kunisalimia mimi. Mimi sisalimiki."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu ya ukunga. Yale ya chuoni yalihusu mwili, na mwili hausemi uongo sana. Shida ni mdomo. Mama wa huku kwetu Kiswahili alikipata shuleni, lakini uchungu anaupata kwa Runyambo, lugha ya nyumbani, na akiutafsiri njiani nusu inamwagika. Anayesema "mgongo unanisumbua kidogo" mshike mkono umpeleke kitandani. Anayesema "nakufa, nesi, nakufa" ana jipu. Vifaa vyetu vilikuwa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, na mizani ya kuning'iniza iliyoamini kwamba watoto wote wa Karagwe wana uzito mmoja. Vingine tulivipata kwa kukisia. Mama Generoza hakupenda neno hilo. Alisema kukisia ni kwa wacheza karata, sisi tunaunganisha. Kisha alistaafu, akahamia kwenye kahawa zake Kanoni, akaendelea kutosalimika.

Naruka miaka mingi hapa, iliyojaa watoto na ripoti. Watoto wamekua. Ripoti sijui.

Magoti yangu yaliacha kazi kabla yangu. Nilipokuwa nimebakiza miaka michache, wakubwa waliona siwezi tena kuzunguka vijijini, wakaniazima kwa mradi mmoja uliokuwa umepanga chumba mjini Kayanga. Mradi ulikuwa na namba ya simu. Mama mjamzito au aliyejifungua anaandika ujumbe, hatozwi kitu, na kompyuta inamjibu. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma zile jumbe na majibu yake, kila asubuhi, na kusema wapi kompyuta imeelewa na wapi imeota.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Zubeda, fundi wa ile kompyuta. Baba yake anauza magodoro na vitenge pale mjini. Babu yao alikuja kutoka Tanga na Kiswahili chake hakijawahi kuondoka kwenye familia. Zubeda aliongea vizuri mpaka nikaona aibu kufungua mdomo. Mwenzangu wa kusoma jumbe alikuwa Mwalimu Deogratias, aliyefundisha Kiswahili miaka yote na kustaafu akiwa bado na hasira na vitenzi. Alikuwa anasahihisha jumbe za akina mama kwa kalamu nyekundu kabla ya kuzielewa.

"Sasa, mama," nikamuuliza Zubeda, "hiki chombo kinaelewaje?"

"Hakielewi kama wewe, Mama Koku. Kimesoma maandishi mengi sana, kikajua maneno gani hukaa karibu na maneno gani. Ukileta sentensi, kinaangalia majirani zake, kinatoa hitimisho."

"Kumbe ni mmbea," nikasema. "Anajua nani anaishi karibu na nani, lakini hajui nani na nani hawasalimiani."

Akacheka, lakini nikaona ameliandika.

Wiki zile za mwanzo nilikuwa naenda kazini kwa furaha ambayo haimfai mtu mzima. Baba mmoja aliandika: "Tunaumwa tumbo tangu asubuhi, mimi na mama watoto tupo njiani." Kila mtu wa huku anajua hapo anayeumwa ni mmoja, na mwingine amebeba mfuko. Kompyuta ikahesabu wagonjwa wawili, ikawauliza jana walikula nini. Mwingine aliandika, "Tumshukuru Mungu, tumepata mgeni wa kiume." Ikamjibu kwamba mgeni anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

"Jibu ni sahihi," Mwalimu Deo akasema, akitafuta pa kutia kalamu.

"Ni sahihi, ila haijui kwa nini," nikamwambia. "Nimefanya kazi na madaktari wa namna hiyo."

Kuisomesha kulikuwa hivi. Zubeda anatupa sentensi mbili. Tukiichukua ya kwanza kuwa ni kweli, je, ya pili nayo ni kweli, si kweli, au haijulikani? Basi. Kazi ya mtoto wa darasa la tatu, nikafikiri. Jozi ya kwanza ilitukalisha mpaka chai. "Mama huyu hajala tangu jana." Ya pili: "Mama huyu ana njaa."

"Kweli," akasema Mwalimu Deo. "Asiyekula ana njaa. Hata kamusi inajua."

"Haijulikani," nikasema mimi. "Ana mimba ya miezi miwili. Ukimwonyesha chakula anakutapikia viatu."

"Mimba imeandikwa wapi?"

"Katuma ujumbe kwa namba ya wajawazito, Mwalimu. Unadhani ni mkulima wa vanila?"

Zubeda akasema huo ndio ugonjwa wenyewe wa kompyuta. Binadamu akisoma sentensi moja, anaingia nayo nyumba nzima: nani anaongea, anaongea kutoka wapi, jana alisema nini, na nini hakisemwi mbele ya wakwe. Kompyuta inaingia na sentensi peke yake. Nilianza kumpenda Zubeda siku ile. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye digrii kunieleza jambo bila kuniinulia sauti kana kwamba mimi ni kiziwi.

Sasa nije kwenye siku ninayoulizwa kila mara.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa na orodha ya jumbe za alfajiri. Zubeda alikuwa ameipanga kompyuta itenge jumbe kwa mafungu: maswali, malalamiko, dharura, na fungu moja alilolipenda sana, la habari njema. La habari njema tulikuwa tunalisoma mwisho, kama mtu anavyobakiza mnofu. Asubuhi ile mimi nilianza nalo, kwa sababu ya uvivu. Huo ni ukweli na msiuweke kwenye hotuba.

Ujumbe ulisema: "Habari za asubuhi. Mtoto ametulia tangu jana. Hata nikinywa chai ya moto hashtuki."

Kompyuta ilikuwa imeshajibu: "Hongera mama! Mtoto akitulia ni dalili njema kwamba ameshiba na anajisikia salama. Endelea kumnyonyesha."

Nikausoma, nikaupita. Nisiwadanganye. Nikasoma mwingine, na mwingine. Ndipo nikakumbuka ile chai, nikarudi.

"Mwalimu," nikasema, "soma hii."

Akaisoma. "Nzuri. Hakuna kosa hata moja."

"Zubeda, njoo. Nani anakunywa chai?"

"Mama," akasema Zubeda.

"Nani hashtuki?"

"Mtoto."

"Mama akinywa chai, mtoto wa nje ashtuke kwa nini?"

Niliona uso wa Zubeda unabadilika polepole. Mtoto yule alikuwa bado tumboni, na alikuwa hachezi tangu jana, na sisi tulikuwa tumempa mama yake hongera.

Nikapiga ile namba. Akapokea mwanaume. Aliitwa Privatus, mkulima wa Kibingo, na simu ilikuwa yake. Mkewe Edina aliiazima.

"Mkeo yuko wapi?"

"Anaanika kahawa. Kuna nini?"

"Mimi ni nesi. Nataka umpeleke kituo cha afya sasa hivi. Mtoto hachezi."

"Ah, hilo limeshajibiwa, mama. Wamesema hongera."

"Aliyejibu amekosea."

"Aliyejibu ni kompyuta," akasema kwa upole, kama mtu anayemfariji mzee.

"Najua ni kompyuta. Imekosea."

"Lakini mama, wewe ni nesi tu. Ile ni kompyuta."

Miaka yote ile ya ukunga, na sikuwa nimewahi kutukanwa kwa adabu namna hiyo. Nikamwambia ampelekee mkewe simu. Nikasikia viatu vyake, na kuku, na mkeka wa kahawa ukikanyagwa.

"Shikamoo," akasema Edina.

"Marahaba mwanangu. Mimba ina miezi mingapi?"

"Minane."

"Mtoto alicheza lini mara ya mwisho?"

"Jana asubuhi. Kabla sijaenda kuteka maji."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilisema," akajibu. Sauti haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililonimaliza. "Niliandika. Nikajibiwa hongera."

Nikamwomba amrudishie mumewe simu. Privatus bado alikuwa upande wa kompyuta. Aliona labda tungoje jioni tuone. Nikatazama magoti yangu, nikatazama umbali wa kutoka Kayanga mpaka Kibingo, nikafanya jambo ambalo kwenye kanuni za kazi halimo.

"Baba, ngoja," nikasema. "Kompyuta imebadilisha jibu. Imetoka sasa hivi hapa mbele yangu. Inasema: mpeleke mama kituoni upesi, usingoje chakula."

"Ahaa!" akasema Privatus. "Sasa hapo sawa."

Nikasikia pikipiki inawaka.

Nikawapigia wauguzi wa kituo, wakampokea, wakasikia mapigo: yapo, lakini yanajikokota. Wakamtia kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali. Mimi na Zubeda tukaondoka na gari la mradi, yeye akiendesha, mikono yote miwili kwenye usukani. Tulifika Edina anashushwa. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na vumbi la kahawa bado kwenye viganja. Alinitazama akajua ni mimi.

"Mbona hachezi?" akaniuliza, amechanganyikiwa.

"Moyo unapiga," nikamwambia. "Twende."

Walimpasua. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi, Zubeda na Privatus, aliyekuwa ameshika kofia yake ya pikipiki mapajani kama anayempakata mtu. Sijui tulikaa muda gani. Nimewangojesha wanaume wengi kwenye mabenchi ya namna ile, nikiwapita na ndoo na kuwaambia watulie. Sikujua benchi lina baridi kiasi kile.

Mtoto alilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wa kike, mdogo, amekasirika. Privatus akasimama, akaangusha kofia, akanishika mikono yote miwili.

"Waitu, mama yangu," akasema, "hiyo kompyuta Mungu aibariki."

Nikaitikia amina. Kuna siku za kudai haki yako na kuna siku nyingine.

Zubeda alikuwa analia. Alisema, "Fungu la habari njema nililitengeneza mimi, Mama Koku. Mimi."

"Nami niliusoma nikaupita," nikamwambia. "Futa pua tukanywe chai."

Mngedhani hapo kompyuta ilipata akili. Kesho yake Zubeda, kwa hofu, aliiwekea sheria: ukiona neno "ametulia", sema nenda hospitali haraka. Tulivuna matokeo wiki ileile. Baba mmoja wa Nkwenda, ambaye mtoto wake alikuwa amelia majuma mawili mfululizo, aliandika kwa shukrani kwamba leo mtoto ametulia na wote wamelala. Akaamriwa aende hospitali haraka. Akaenda, na mkewe, na mama mkwe, na mtoto aliyeamshwa kwa ajili hiyo na hakunyamaza tena. Bibi mwingine aliandika kwamba mkwe wake siku hizi ametulia, si kama zamani. Naye mkwe akapelekwa hospitali. Daktari wa zamu alinipigia simu akatumia maneno ambayo Mwalimu Deo angeyapenda kwa ufasaha wake.

Sheria ikafutwa. Tukarudi kwenye jozi zetu, siku hadi siku. "Hashtuki nikinywa chai." Je, mtoto yuko tumboni? Kweli. "Mtoto ametulia." Je, mtoto yuko salama? Haijulikani. Mwalimu Deo alipigania kila jozi kama shamba la urithi, lakini kalamu nyekundu aliiacha nyumbani. Siku moja nikamkuta amejiandikia jozi pembeni: "Mke wangu amesema hakuna tatizo." "Hakuna tatizo." Alikuwa ameweka si kweli, kwa wino mzito.

Tatizo likawa kwamba kompyuta ilichukia "haijulikani" kama mwanafunzi anavyochukia kuacha nafasi wazi kwenye mtihani. Ilikuwa inaona heri ikosee kuliko inyamaze. Nikasema, isipojua, iulize. Mama akiandika mtoto ametulia, imuulize mtoto yuko tumboni au ameshazaliwa. Na ikiuliza bado isijue, imlete kwetu, tupige simu. Mkuu wa mradi, mtu wa tai, alikuja kutoka Bukoba kulipinga hilo.

"Watu wataona mashine yetu haijui," akasema.

"Ndiyo, wataona," nikasema.

"Wataipuuza."

"Mheshimiwa, kuna mwanaume Kibingo anayeiombea kila siku. Ikipunguziwa waumini wachache haitaumia."

Zubeda ndiye aliyemshinda, si mimi. Alimsomea ule ujumbe wa Edina kwa sauti, polepole, akamwomba aseme ungekuwa kwenye fungu gani. Mkuu akasema habari njema. Zubeda akamwambia mtoto aliitwa nani na alizaliwaje. Mkuu akalegeza tai, akasaini.

Tangu hapo jumbe za "haijulikani" zilikuwa zinanifikia kwenye karatasi ya rangi ya manjano, nami nazipigia moja moja. Nyingi zilikuwa upuuzi. Zingine hazikuwa. Mnaoogopa kwamba mashine itawanyang'anya kazi, mimi iliniongezea.

Siku yangu ya mwisho ofisini waliniandalia soda na keki, na Mwalimu Deo alitoa hotuba isiyo na kosa la sarufi wala mwisho. Katikati ya hotuba ikaja karatasi ya manjano. Nikaipokea kwa shukrani za dhati. Ilikuwa na neno moja: "Mpo?" Kompyuta ilikuwa imeuliza, "Samahani, ungependa kusaidiwa nini?" Jibu likarudi lilelile: "Mpo?"

Nikajiondoa na simu hadi dirishani. Akapokea bibi kikongwe, wa huko Nkwenda.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka ile namba ya ujumbe. Una shida gani?"

"Sina shida."

"Hapo nyumbani kuna mjamzito?"

"Nani, waitu? Mimi na kuku?"

"Mtoto mchanga?"

"Watoto wangu wote wana mvi. Mmoja aliniachia hii simu, akasema namba hii ukiandika inajibu. Nikataka kujua kama inajibu." Kisha akauliza, "Wewe ndiye mashine?"

"Hapana, mama. Mimi ni Koku."

"Koku wa nani?"

Nikavuta kiti. Nikamtajia baba, na kijiji, na bibi yangu alikoolewa, naye akawa anawafahamu, au anasema anawafahamu, mmoja baada ya mwingine. Nyuma yangu hotuba ilikwisha, watu wakapiga makofi. Mwalimu Deo akaja na ile karatasi na kalamu, akaninong'oneza nimwambie ujumbe ule una maana gani, aijaze karatasi.

Nikamwashiria kwa mkono akae. Bibi alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa mashangazi.